KAMBALE WA TANGI NA KAMPANGO WA ZIWANI
(Maneno tuliyosema mkutanoni, Chiwanda)



Anayetaka kufuga tangini nyumbani achukue kambale. Huyu hupumua hata hewa ya juu, maji mabovu hayamwui upesi. Ila funikeni tangi, maana huruka nje. Na wakubwa watengwe na wadogo, la sivyo asubuhi mtakuta mmoja kanenepa, wenzake hawapo!

Lakini kampango, jamaa yake wa Ziwa Nyasa, vifaranga vyake tusivizoe. Baba na mama hulinda kiota pamoja. Mama hutaga na mayai yasiyo na mbegu ya dume, watoto wakala. Tangini nani atawatagia? Ukimvua mzazi, watoto huliwa na samaki wengine. Mwaka 2018 kampango aliandikwa miongoni mwa samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Basi kokoro lisipite palipo na kiota.