Maji ya Siku Tatu Ndani ya Nyumba

(Maneno ya kamati ya afya na maji ya chama chetu mbele ya wanachama, wazee na wageni waalikwa, siku ya harambee ya mwaka)



Kila mwaka katika harambee hii tunachangia visima, na tutaendelea kuvichangia. Leo kamati imeomba nafasi iseme juu ya maji ambayo yamekwisha kufika nyumbani. Mradi wa maji, uwe wa mamlaka ya mjini au wa RUWASA kijijini, unaishia bombani. Kutoka bombani hadi kwenye kikombe cha mtoto, maji yanapita mikononi mwetu: katika dumu letu, chini ya mfuniko wetu, kwa kata yetu. Maji yaliyotoka safi yanaweza kuchafuka katika safari hiyo fupi, na siku ya dharura bomba lenyewe linaweza kunyamaza.

Dharura zetu tunazijua. Mvua zetu huanza Novemba hadi Aprili. Mto Katuma ukijaa, na mifereji ikifurika, maji ya juu hupita vyooni na kuingia katika visima vifupi. Umeme ukikatika, pampu husimama. Barabara ikikatika, fundi hafiki wala kipuri hakifiki. Kisha huja Septemba na Oktoba, visima vifupi vinakauka, na watu wanarudi kwenye madimbwi wanayonywa pamoja na ng'ombe. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka tuna siku ambazo maji yapo lakini hayanyweki, au hayapo kabisa.

Wale wa Ikola na Karema watakumbuka habari ya ndugu zetu wa kaskazini mwa ziwa hili hili. Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia machafuko ya Burundi walijikuta Kagunga, mkoani Kigoma, kwenye ufuko mwembamba ulio kati ya mlima na ziwa, mahali panapofikika kwa chombo cha majini. Meli yetu ya Liemba ilikuwa ikiwachukua kwa zamu kuwapeleka Kigoma mjini. Mbele yao lilikuwapo Ziwa Tanganyika zima, mojawapo ya maziwa yenye maji mengi kuliko yote duniani. Waliyanywa, kwa sababu hapakuwa na mengine, na ufuko huo huo ndio uliokuwa choo. Kipindupindu kikaingia. Maelfu waliugua na watu wapatao 30 wakafariki. Tunaikumbusha habari hii kwa sababu moja: wingi wa maji haumwokoi mtu kama hakuna chombo safi na hakuna dawa.

Sasa tufanye hesabu. Mtu mmoja anahitaji karibu lita 4 kwa siku za kunywa, kupikia na kunawa mikono kidogo. Kaya ya watu 6 kwa siku 3 inahitaji lita 72. Hayo ni madumu manne ya lita 20, na kidogo kinabaki. Madumu manne ndiyo kinga ya kwanza ya familia, na nyumba nyingi zimekwisha kuwa nayo. Lililobaki ni kuyatenga, kuyasafisha na kuyafunika.

Kuhusu dumu, tunaomba tusikilizwe vizuri. Mkoa wetu unalima tumbaku na pamba, na madumu ya dawa za mimea huzunguka vijijini. Dumu lililowahi kubeba dawa ya mimea, petroli au mafuta ya mashine lisiwekwe maji ya kunywa hata likioshwa mara kumi. Litobolewe ili asije mwingine akaliokota akalitumia. Dumu la mafuta ya kula linafaa: litiwe maji ya moto, sabuni na changarawe, litikiswe mpaka utelezi wa ndani uishe, kisha lisuuzwe. Dumu lenye mdomo mwembamba ni bora kuliko ndoo, maana mkono hauingii. Ndoo ikitumika, iwe na mfuniko na koki. Kama haina koki, kata yake itundikwe juu, na kikombe cha kunywea kisichovye ndani. Maji ya akiba yawekwe kivulini, na kila juma yatumike kwa kufua au kuoga, yawekwe mapya.

Kuhusu kuyatibu, kuna njia tatu ambazo kaya zetu zinaziweza.

Ya kwanza ni kuchemsha. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yanatosha kwa miinuko ya huku kwetu. Hakuna haja ya kuyaacha jikoni nusu saa na kumaliza mkaa. Yapoe yakiwa yamefunikwa, ndani ya chombo kile kile kama inawezekana. Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi baadaye: mkono mchafu ukiingia, kazi yote imepotea.

Ya pili ni dawa ya klorini, hasa ya vidonge. Hii ndiyo inayofaa zaidi siku ya mafuriko, maana kuni zimelowa na mkaa umepanda bei. Soma paketi kwanza, kwa kuwa vipo vidonge vya lita 20 na vipo vya lita chache. Tia, tikisa, subiri dakika 30. Harufu kidogo ya dawa ni dalili kwamba ulinzi ungalipo ndani ya dumu. Maji ya matope yachujwe kabla, kwa sababu tope linakula dawa. Acha yatulie, mimina ya juu, pitisha katika kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne au zaidi. Huko Bangladesh wanavijiji walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa namna hiyo, na wagonjwa wa kipindupindu wakapungua karibu nusu. Khanga kuukuu haikosekani katika nyumba zetu. Lakini kuchuja ni hatua ya kwanza tu, dawa lazima ifuate. Na dawa ya kung'arishia nguo isitiwe kwa kukisia. Aulizwe mhudumu wa zahanati.

Ya tatu ni jua. Chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita moja au mbili, ijazwe maji maang'avu na kulazwa juu ya bati tangu asubuhi, saa 6 za jua kali. Mawingu yakitanda, ikae siku 2. Ni njia ya polepole, lakini haigharimu kitu.

Lazima tuseme pia kile ambacho njia hizi haziwezi. Kuchemsha, klorini na jua huua vijidudu, haviondoi sumu. Palipo na uchimbaji wa dhahabu, na zebaki ikatumika kukamatia, maji ya kijito cha chini yasiwe ya kunywa kwa njia yoyote. Hapo tegemeo ni maji ya mvua au ya chanzo kilichopimwa.

Na mtu akianza kuharisha, asinyimwe maji. Apewe dawa ya chumvichumvi ya paketi. Ikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya usawa, akinywa kidogo kidogo njiani kuelekea zahanati.

Ndugu zetu, sasa tunakuja kwenye mfuko. Tunajua kisima kinapendeza: kina jiwe la msingi na majina ya wachangiaji. Mfuniko wa ndoo hauzinduliwi na mtu. Hata hivyo kamati inaomba sehemu ya michango ya mwaka huu iende katika mambo matatu. Moja, vidonge vya dawa ya maji viwekwe zahanati za vijiji vya mbali kabla ya Novemba, barabara zikiwa bado zinapitika. Mbili, ndoo zenye mfuniko na koki kwa kaya za wazee wanaoishi peke yao na kaya zenye watoto wachanga. Tatu, mifereji ya bati na matanki katika shule za msingi. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63, kwa hiyo vyumba vitatu, vikipata mvua ya milimita 70, vinajaza tanki la lita 10,000 na kubakiza, hata tukitoa yale yanayomwagika na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi la paa.

Wanaoishi mbali tunawaomba jambo la ziada lisilohitaji harambee. Usiku huu mpigie mama simu. Muulize madumu yako mangapi, na kama yamefunikwa.