Hospitali Zilifungwa, Nyumba Hazikujengwa



Husemwa kwamba huko Marekani watu wasio na makao walijaa barabarani kwa kuwa hospitali za wagonjwa wa akili zilifungwa. Tuyapime maneno hayo. Mwaka 1955 hospitali za majimbo zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Mwaka 1994 walibaki karibu 72,000. Mwaka 1963 Rais Kennedy alitia sahihi sheria ya kujenga vituo vya tiba karibu na watu, lakini vingi havikujengwa. Hata hivyo, wengi waliruhusiwa kabla ya 1980, na idadi ya wasio na makao iliongezeka sana baadaye, vyumba vya bei nafuu vilipobomolewa na kodi kupanda. Basi, ugonjwa peke yake haumlazi mtu barabarani. Umaskini na ukosefu wa nyumba ndivyo humlaza.

Nasi tumwogopapo mgonjwa, twasahau kwamba mara nyingi yeye ndiye anayedhulumiwa. Kumfungulia mtu mlango pasipo kumwandalia makao si kumpa uhuru, bali ni kumtupa. Haki yadai yote mawili, tiba na nyumba. Tuanzie mtaani kwetu: kabla ya kumhukumu, tumwulize jina lake na alikolala jana.