Ukali wa Amri si Ruhusa ya Matusi



Wiki hii nataka tuzungumzie ulimi wa askari. Nina maana ya yale maneno ambayo kuruta huanza kuyasikia siku ile ile anaposhuka kwenye lori na begi lake mkononi. Ananyolewa, anapewa sare, na kabla jua halijazama ameshaitwa majina ambayo mama yake hakumpa. Wengi wetu tunalijua jambo hili, ama kwa kupitia wenyewe Jeshi la Kujenga Taifa, ama kwa kusimuliwa na kaka na dada zetu. Na tumezoea kulicheka. Anayerudi kutoka kambini husimulia matusi aliyotukanwa kama mtu anayesimulia sinema, nasi tunamwongezea chai ili aendelee.

Lakini chini ya kicheko hicho kuna swali. Je, jeshi linahitaji matusi ili liwe jeshi? Wapo wanaojibu haraka kwamba ndiyo. Husema vita si harusi, adui hapigi hodi, na kijana asiyeweza kuvumilia neno ataivumilia vipi risasi. Wapo pia, hasa siku hizi, wanaojibu kwamba kila neno kali ni unyanyasaji, na aliyelitamka afikishwe mbele ya sheria. Mimi naona pande zote mbili zinachanganya vitu vitatu visivyofanana: amri kali, utani na tusi. Tuvichambue kimoja kimoja.

Amri kali ni lazima. Kwenye gwaride sauti ya sajini inatakiwa imfikie mtu wa mwisho. Kwenye uwanja wa shabaha, kuruta akigeuka nyuma na bunduki yenye risasi mkononi, mkufunzi hana nafasi ya kusema samahani ndugu. Na kijana ambaye bunduki yake ina kutu anastahili kuambiwa mbele ya wenzake kwamba ina kutu, tena anastahili adhabu. Hapo hakuna tusi. Kilichosemwa ni kweli, kinahusu kazi, na kesho akiisafisha bunduki neno lile limekwisha. Mtu anayeona kila sahihisho kuwa ni kuvunjiwa heshima hafai jeshini, na kwa kweli atapata taabu hata kwenye karakana ya useremala.

Utani nao una mahali pake. Vijana wanaolala bweni moja, wanaokula sahani moja na kubebana wanapochoka, huambiana maneno ambayo siwezi kuyasoma hapa redioni. Sisi watu wa nchi hii hatuna sababu ya kushangaa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na wajukuu wao leo ni watani. Lakini utani una sheria yake, nayo ni nipe nikupe. Wewe unaniambia, mimi nakujibu, na wote tunacheka. Siku mmoja wetu akikatazwa kujibu, huo si utani tena.

Sasa tuje kwenye tusi lenyewe. Tusi ninalolizungumzia hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, ambaye kwa kanuni za kambi amesimama wima, macho mbele, mdomo umefungwa. Halihusu bunduki wala gwaride. Linahusu kabila lake, dini yake, umbo lake, mama yake aliyeko kijijini, au kwamba yeye ni mwanamke. Ni mambo ambayo hawezi kuyasafisha ifikapo kesho. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, maana kila takataka hutupwa kwake naye huvumilia. Kambini methali hiyo imegeuzwa kichwa chini miguu juu: mdogo ndiye jalala.

Na hapa kuna jambo la ajabu. Yule yule anayewaambia wenzake kutwa nzima kwamba askari hakasiriki kwa maneno, ndiye mwepesi kuliko wote kukasirika. Kuruta akichelewa kumpigia saluti, au akimjibu kwa sauti isiyo na "afande" mwishoni, dunia inasimama. Kumbe heshima inaumiza ikikosekana! Kumbe maneno yana uzito! Tofauti ni kwamba yeye ana cheo cha kuidai heshima yake, na mwenzake hana.

Watunga sheria wa majeshi wameliona jambo hili zamani. Sheria ya kijeshi ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1950, inamwadhibu askari anayemkosea adabu ofisa wake katika kifungu cha 89. Lakini vifungu vichache mbele, katika kifungu cha 93, inamwadhibu pia yeyote anayemtesa, kumwonea au kumtendea vibaya aliye chini yake. Vifungu hivyo viwili vimo katika sheria moja kwa sababu nidhamu ina pande mbili, na upande mmoja ukiachwa, wa pili hausimami muda mrefu.

Wala msidhani kwamba huu ni ulaini wa watu wa leo. Tarehe 3 Agosti 1776, George Washington alikuwa New York akilisubiri jeshi la Waingereza, adui aliyemzidi kwa kila kitu. Siku hiyo alitoa amri kwa jeshi lake kukemea tabia ya kulaani na kuapiza ovyo. Aliwaambia maofisa waizuie kwa kuonyesha mfano wao wenyewe. Miaka 30 baadaye, sheria za jeshi hilo za mwaka 1806 zilimtoza ofisa dola moja kwa kila apizo la kufuru. Sidai kwamba askari wa Marekani waliacha kutukana, hawakuacha. Ninachosema ni kwamba kiongozi mwenye vita mlangoni hakuona kwamba mdomo mchafu unamwongezea nguvu.

Nitoe mfano wa mtu aliyeamini kinyume chake. Jenerali George Patton alikuwa hodari wa vita, na mdomo wake ulijulikana kote. Agosti 1943, huko Sicily, aliingia katika hospitali ya jeshi akamkuta askari asiye na jeraha la kuonekana. Akamtukana kuwa mwoga, akampiga kwa glavu, akamtoa nje ya hema. Baadaye madaktari walimpima askari yule wakakuta ana malaria na kuhara. Wiki moja baadaye Patton akarudia kitendo kile kile katika hospitali nyingine, kwa kijana wa mizinga ambaye alikuwa ameomba abaki na kikosi chake, na daktari ndiye aliyemlazimisha kuondoka. Jenerali Eisenhower alimwandikia Patton barua ya karipio na kumtaka aombe radhi. Angalieni, mkubwa alimwita mtu mwoga kabla ya kuuliza anaumwa nini. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza ya matusi: humpa mkubwa jibu kabla hajapata habari.

Hasara ya pili ni kwamba neno haliishii mdomoni. Anayezoea kumwita mwenzake mnyama, iko siku atamtendea kama mnyama. Katika kambi ya makuruta wa majini ya Parris Island, kule South Carolina, usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, mkufunzi mmoja alilipeleka kundi lake kwenye mkondo wa maji ili kuwatia adabu. Makuruta 6 wakafa maji. Taifa zima lilishtuka, na usimamizi wa wakufunzi ukabadilishwa. Hata hivyo, miaka 60 baadaye, Machi 2016, kuruta Mwislamu wa miaka 20, mwenye asili ya Pakistani, alikufa katika kambi hiyo hiyo baada ya kuanguka kutoka ghorofani. Novemba 2017 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani mkufunzi Joseph Felix kwa kuwatesa makuruta kadhaa, wakiwamo Waislamu aliowaita magaidi. Alifungwa miaka 10. Safari ile ilianzia kwenye neno.

Kanada nao wana funzo, na nchi hiyo si ngeni kwetu, maana kati ya mwaka 1965 na 1970 wakufunzi wake walikuwa hapa wakisaidia kulijenga Jeshi la Wananchi. Mwaka 2015 Marie Deschamps, aliyekuwa jaji wa mahakama kuu ya juu ya Kanada, alitoa ripoti kuhusu wanawake jeshini. Alikuta maneno machafu na mizaha ya kudhalilisha wanawake imekuwa jambo la kila siku, na akaonyesha kwamba mazingira hayo yanafungua njia kwa makosa makubwa zaidi ya kingono. Desemba 2021 serikali na wakuu wa jeshi walisimama hadharani wakaomba radhi. Sasa, yule aliyekuwa akisema "ni utani tu, avumilie" ana la kujibu.

Tukija nyumbani, tukumbuke lugha yetu ya kambi ilikotoka. Jeshi la King's African Rifles liliundwa mwaka 1902, na Kiswahili kikawa lugha yake ya amri. Neno afande lilitokana na neno la Kituruki la heshima. Neno kuruta tulilitoa kwa Waingereza. Lakini Kiswahili kile kilikuwa cha kuamrisha, si cha kuzungumza. Karibu muda wake wote Mwafrika hakuweza kuwa ofisa kamili katika jeshi hilo, na nje ya kambi mwanamume mwenye wajukuu aliitwa "boi". Januari 1964 askari wetu walipoasi pale Colito, madai yao yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa kigeni. Sisemi kwamba matusi ndiyo yaliyoleta maasi yale. Nasema tu kwamba jeshi ambalo mdogo hana njia ya kusema, siku akisema husema kwa bunduki.

Na yupo mwanafunzi mmoja wa kambi zile ambaye sote tunamkumbuka. Idi Amin aliingia King's African Rifles mwaka 1946, na mwaka 1959 akafikia cheo cha effendi, cha juu kabisa kwa Mwafrika wakati ule. Januari 1971 akatwaa Uganda, na ulimi wa kambi ukaingia Ikulu. Mwaka 1972 alimpelekea Mwalimu Nyerere ujumbe wa kejeli kwamba kama angekuwa mwanamke angemwoa. Mwaka 1978, majeshi yake yakiwa yamevamia Kagera, akapendekeza wamalize ugomvi kwa ngumi ulingoni. Dunia ilicheka. Waganda hawakucheka, maana walijua maneno yale yanafuatwa na nini.

Mwezi mmoja tu baada ya Amin kutwaa madaraka, Februari 1971, TANU ilitoa Mwongozo. Watu wengi wanaukumbuka kwa habari ya mgambo, lakini ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliishika ibara ile kwa mikono miwili. Katika migomo ya miaka iliyofuata, moja ya malalamiko yao ilikuwa lugha chafu ya mameneja. Hawakudai senti tu. Walidai kusemeshwa kama watu. Kama mfanyakazi wa kiwandani alistahili hilo, kwa nini asilistahili kijana tunayemtaka afe kwa ajili yetu?

Nini kifanyike? Kwanza, koplo na sajini wafundishwe kuamrisha kama wanavyofundishwa kulenga shabaha. Anayetukana mara nyingi ni mtu aliyeishiwa maneno. Pili, anayelalamika awe na mlango wa kulalamikia ambao haulindwi na yule yule aliyemtukana. Tatu, mkubwa ajipime kwa maswali matatu kabla hajafungua mdomo. Ninalolisema linahusu kosa alilolifanya, au linamhusu yeye alivyozaliwa? Angenijibu hivi hivi, ningecheka? Ningeweza kulisema mbele ya mama yake siku ya kufunga mafunzo? Na kuruta naye ajiulize: nimetukanwa, au nimeambiwa ukweli nisioupenda?

Nimalizie na neno moja linalotuhusu sisi tusiovaa sare. Neno hilo ni "raia". Katika Katiba raia ni mwenye nchi. Lakini kwenye basi, kwenye foleni, au mgambo anapopindua meza ya mama muuza vitumbua, neno hilo hilo hutamkwa kwa namna ambayo kila mmoja wetu anajua limekusudiwa kuwa tusi. Anayelitamka hivyo alijifunza mahali. Alisimama wima akatukanwa, akanyamaza, akasubiri zamu yake. Naye akirudi nyumbani jioni hawezi kuuvua ulimi ule na kuutundika pamoja na kofia. Mkewe anausikia, watoto wanausikia, na baada ya miaka michache utausikia uwanjani shuleni.

Kwa hiyo lugha ya kambini si siri ya kambi. Hutoka getini kila jioni bila kuomba kibali. Na askari yeyote, awe koplo au jenerali, aliingia kambini akiwa raia, na siku atakapostaafu atatoka akiwa raia.