Kodeki Tatu kwa Kazi Moja: Kupiga, Kuhariri na Kusambaza Video za HD Lubumbashi

Mada kwa warsha ya watengenezaji wa video

Utangulizi



Mji huu una desturi ndefu ya kujitazama na kujisikiliza kwa Kiswahili chake. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilicheza redioni na kwenye televisheni ya hapa kwa miaka mingi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatilia mchezo wao kuhusu utawala tangu mazoezi mpaka ulipopigwa picha kwa ajili ya televisheni, na kitabu chake kikatoka mwaka 1990. Tangu mwaka 2008 Biennale ya Lubumbashi inaonyesha picha na video za wasanii wetu. Mwaka 2019 Frank Mukunday na Tétshim walitoa Machini, filamu fupi ya uhuishaji inayozungumzia madini na maisha ya wanaoishi nayo. Leo ndoa za Katuba, ibada za komuni ya Kenya na klipu za muziki za Kamalondo zote zinapigwa kwa HD.

Kamera zetu zinatosha. Ubora unapotea baadaye, kati ya kadi ya kamera na simu ya mtazamaji, kwa sababu tunalazimisha faili moja ifanye kazi zote. Hoja yangu ni kwamba kazi ya video ina hatua tatu, na kila hatua inataka kodeki yake.

1. Kinachofanyika ndani ya faili

Tusichanganye jina la faili na kodeki. MP4 na MOV ni mifuko tu. Kodeki ni namna picha zilivyokunjwa ndani yake. Faili mbili za MOV zinaweza kuwa na kodeki mbili tofauti kabisa, ndiyo maana moja inafunguka kwenye kompyuta yako na nyingine inakataa.

Picha ya HD ina nukta 1920 kwa 1080, yaani karibu milioni mbili. Picha 25 kwa sekunde bila kubanwa, hata kwa biti 8, zingejaza karibu gigabaiti 370 kwa saa moja. Lazima zibanwe, na kuna njia mbili. Ya kwanza inabana kila picha peke yake: ndivyo zinavyofanya ProRes ya Apple na DNxHD ya Avid pamoja na mdogo wake DNxHR. Ya pili inahifadhi picha nzima mara chache, na katikati inaandika mabadiliko tu: ndivyo H.264 inavyofanya kwa kawaida tangu ilipopitishwa mwaka 2003, na H.265 tangu mwaka 2013.

Njia ya pili inaokoa nafasi sana. Lakini ukitaka kukata katikati, kompyuta inabidi irudi kwenye picha nzima iliyotangulia na kujenga upya zote zilizofuata. Hapo ndipo montaji inapokwama.

2. Kupiga

Umeme wetu ni wa hezi 50. Piga picha 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, taa za ukumbi hazitapepesa. Simu nyingi hupiga 30, tena idadi hiyo hupanda na kushuka yenyewe. Ukiweka faili hiyo kwenye montaji, sauti inaachana na midomo. Igeuze kwanza iwe na kasi isiyobadilika.

Anayerekodi ibada moja kwa moja kwenye kompyuta atumie mfuko wa MKV. Faili ya kawaida ya MP4 huandikiwa orodha yake mwishoni, kwa hiyo umeme ukikatika kabla ya kufungwa, rekodi nzima inaweza isifunguke. MKV hubaki na yote yaliyokwisha kuandikwa, na baadaye unaihamishia kwenye MP4 bila kuibana tena.

3. Kuhariri

Chukueni ndoa ya saa nne. Kamera ya megabiti 24 kwa sekunde inaleta gigabaiti 43. Ukigeuza zote kuwa DNxHD ya megabiti 120, unahitaji gigabaiti 216; ProRes 422 inakaribia hapo hapo. Wengi wetu hatuna diski ya kuchezea namna hiyo. Kwa hiyo napendekeza nakala nyepesi za kuhariria: DNxHR LB, ya megabiti 36 hivi, inachukua gigabaiti 65. Kata, panga na linganisha sauti kwa nakala hizo. Mwishoni programu irudi yenyewe kwenye faili za kamera. DaVinci Resolve na Premiere Pro zinaweza kufanya hivyo.

Kugeuza faili ya kamera kuwa ProRes hakuongezi ubora ambao haukuwamo. Faida yake ni kwamba kompyuta inapumua, na kazi haiharibiki sana kila inapohifadhiwa tena. Klipu fupi inayohitaji kazi nyingi ya rangi inastahili kodeki hiyo nzito. Ibada ya saa tatu haiistahili.

4. Kusambaza

Kwanza toa nakala kuu kwa DNxHR au ProRes. Kisha, kutoka hiyo, tengeneza nakala ndogo kwa HandBrake au FFmpeg, ambazo ni za bure. Mteja akitaka nakala nyingine mwakani, hutafungua mradi upya.

Kwa nakala ndogo nachagua H.264. H.265 inaweza kufikia ubora uleule kwa karibu nusu ya ukubwa wa faili, na AV1 ya mwaka 2018 ilitengenezwa iwe bila ada ya leseni. Lakini simu ya zamani isiyo na kifaa cha kuzisoma inapata moto, inamaliza betri au inakataa kabisa, na simu hizo ndizo zilizo mikononi mwa shangazi na wajomba tunaowatumia video za ndoa. Megabiti 8 kwa sekunde, kiwango ambacho YouTube inashauri kwa HD ya kawaida, ni gigabaiti 3.6 kwa saa. Kwenye HandBrake, kipimo cha ubora cha RF kati ya 20 na 24 kinatosha.

WhatsApp hubana video upya. Video fupi itume kama hati, nayo itafika kama ilivyo. Na video iliyokwisha kubanwa hivyo isirudi kwenye montaji kama kuna njia ya kupata faili ya kamera.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila studio iandike katika kila mradi kodeki ya kamera, ya montaji na ya nakala kuu. Pili, nakala kuu ikae kwenye diski mbili, katika nyumba mbili. Tatu, bei anayotajiwa mteja ihesabu diski hizo, maana kuhifadhi ni sehemu ya kazi. Nne, vijana wanaojifunza kamera wafundishwe kodeki tangu siku za kwanza.

Maneno ya Mufwankolo ya mwaka 1986 tunaweza kuyasoma leo kwa sababu kuna aliyeyaandika neno kwa neno. Sura, mwendo na sauti za watu wetu wa leo zitategemea faili tunazozitoa sisi, na watakaozitafuta ni watoto wa hawa hawa tunaowapiga picha Jumamosi hii.