Mkanda Ukilia, Andika

Maneno tuliyowaambia madereva na mafundi wa gereji

Ndugu wafanya kazi,

Tumeombwa tuseme nanyi habari za kelele za mkanda na puli katika injini ya motokaa. Huenda mmoja akauliza, jambo hili lahusu nini chama? Ngojeni kidogo, mtaona.

Dereva mmoja mwenzetu alikuwa akitoka Mombasa na lori. Siku nne mfululizo mkanda ulikuwa ukilia kila asubuhi. Alimwambia msimamizi kwa mdomo, akajibiwa, "Endesha tu." Alipokuwa akipanda kutoka Mtito Andei mkanda ulikatika, pampu ya maji ikasimama, injini ikachemka hata ikaharibika. Tajiri alisema ni uzembe wa dereva. Msimamizi alisema hakuambiwa neno. Tulikwenda kumtetea, lakini kitabu cha lori kilikuwa kitupu. Kazi aliipoteza.

Basi tujue kwanza kazi ya mkanda. Huzungushwa na puli ya mbele ya injini, nao huzungusha alteneta, na katika motokaa nyingi huzungusha pia pampu ya maji, pampu ya stiaringi na kompresa ya kipoza hewa. Ukikatika, taa ya chaji huwaka, stiaringi yaweza kuwa nzito, na injini yaweza kuchemka baada ya dakika chache. Lakini mara nyingi hutoa habari mapema. Sharti tujue kusikiliza.

Mlio mkali mrefu asubuhi, au mnapokata stiaringi mpaka mwisho, maana yake mkanda unateleza. Umelegea, au umezeeka ukang'aa kama kioo, au umemwagikiwa oili. Asubuhi hulia zaidi kwa sababu alteneta ina kazi nzito ya kurudisha umeme uliotumiwa na stata.

Mlio mfupi mfupi kama wa kifaranga, unaokwenda mbio injini ikienda mbio, mara nyingi maana yake puli hazikai katika mstari mmoja, au mifereji ya mkanda imelika.

Kunguruma na kusaga kama mawe ya kusagia ni dalili ya beringi iliyokwisha: ya alteneta, ya pampu ya maji, au ya puli ya kukazia mkanda. Pampu ikivuja maji pia, msingoje kesho.

Kupigapiga ni dalili ya mkanda uliochanika, na kipande chake chapiga kila kinapozunguka.

Fundi asibahatishe. Kwanza azime injini, atoe ufunguo, angoje ipoe. Atazame nyufa, oili na nyuzi zilizotoka. Mkanda wa zamani wenye umbo la V aubonyeze kwa dole gumba katikati ya sehemu ndefu. Kwa kawaida hushuka kama milimita 10 hadi 13. Mkanda mpana wenye mifereji huwa na puli yake ya kukazia, basi aitazame hiyo.

Kisha awashe injini, asimame mbali kidogo, anyunyizie maji machache upande wa mifereji. Kelele ikinyamaza halafu ikarudi, atazame mstari wa puli. Ikizidi, mkanda unateleza, atazame mkazo.

Bado hajui? Azime tena, autoe mkanda huo wa nje, si ule wa ndani unaoendesha vali. Awashe kwa nusu dakika tu, kwa maana pampu ya maji haizunguki. Kelele ikiisha, ubovu uko katika mkanda au vitu vinavyozungushwa nao. Azime, azungushe kila puli kwa mkono. Inayokwaruza au kuyumba ndiyo mgonjwa.

Wako wanaopaka sabuni ili kelele iishe. Huko ni kumnyamazisha shahidi, na mkanda utakatika vile vile.

Nasi twawasihi: mikono mirefu ya shati ikunjwe, wala asiwepo mtu wa kugusa mkanda injini ikizunguka. Feni ya umeme yaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Vidole havina spea.

Sasa twarudi kwa chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mfanya kazi aarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa. Na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba kabla mtu hajaachishwa kazi kwa kosa, aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Lakini mwakilishi bila karatasi ni kama fundi bila spana.

Kwa hiyo mkisikia kelele, andikeni katika kitabu cha gari: tarehe, kilomita, kelele ya namna gani, yatokea lini, na nani ameambiwa. Kama hamna kitabu, andikeni katika karatasi, mpige picha kwa simu. Nanyi mafundi, mkiagizwa kulirudisha gari barabarani bila kulitengeneza, andikeni jina la aliyeagiza.

Mwenzetu wa Mtito Andei alisikia vizuri. Alichokosa ni kalamu. Tusimwache mwingine apotee vivyo hivyo.