Kihamba Si Shamba: Mwanafunzi wa Historia na Maandalizi ya Kazi
Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Maji Maji. Hayo yalikuwa mafunzo ya kazi hasa. Leo mwanafunzi akipelekwa Himo, penye njia panda ya Marangu na Holili, huenda akaishia kupanga majalada. Nashauri aketi kwanza na wazee. Mzee wa Kichaga akitaja kihamba, naye akaandika shamba, amefuta ukoo, urithi na makaburi ya mababu kwa neno moja. Mhifadhi nyaraka, mwanahabari na karani wa baraza la ardhi wote wanahitaji uangalifu huo. Basi, tumfunze kusikiliza kabla hatujamtuma kazini.