Hakuna Aliyetuamuru Tutengane

  

Leo nataka kuwaeleza safari moja. Mwaka 2018, sisi vijana wa parokia moja ya Uvira tulikwenda Burundi kutembelea shule ya Buta. Tulikuwa watu 22: Wafuliru, Wavira, Wabembe, Wanyamulenge. Tulibeba madaftari, mipira miwili na gunia la ndagala kavu. Tulifikiri tunakwenda kusaidia wanafunzi wa mashambani. Kumbe wenye kuhitaji msaada tulikuwa sisi.

Tulivuka mpaka pale Kavimvira. Tulipofika Gatumba, mazungumzo yalikatika ndani ya gari. Ni pale, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi Wakongomani zaidi ya 150 waliuawa kambini, wengi wao Wanyamulenge. Kati yetu kulikuwa dada mmoja aliyepoteza jamaa yake pale. Aliangalia dirishani. Hakuna aliyejua amwambie nini, na mimi kiongozi wao nilinyamaza pia. Tukafuata kando ya ziwa mpaka Rumonge, kisha tukapanda milima ya Bururi, penye baridi.

Buta ni seminari ndogo, ni kusema shule ya sekondari ya Wakatoliki ambamo wanafunzi wanalala. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, Burundi iliingia katika vita, na Wahutu na Watutsi wakaanza kuogopana hata shuleni. Pale Buta, mkubwa wa shule, Padri Zacharie Bukuru, hakuuficha woga huo. Aliwaacha vijana waseme mambo yaliyowaumiza, Mhutu mbele ya Mtutsi, na Mtutsi mbele ya Mhutu. Walisali, walicheza mpira na ngoma pamoja.

Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, waasi wenye silaha waliingia walimolala wanafunzi. Waliamuru: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa kutengana. Wauaji wakawapiga risasi na kuwatupia magrenedi. Wanafunzi 40 walikufa, Wahutu na Watutsi. Mhutu angeweza kujiponyesha kwa kupiga hatua chache tu. Hawakuzipiga.

Makaburi yao yako karibu na kanisa, yamepangwa pamoja. Tulisimama pale muda mrefu. Jioni ile tulikula. Kisha chakula, kijana wetu mmoja akasimama, akasema: «Ndugu zangu, angalieni namna tulivyokaa.» Tukaangalia. Wafuliru kwenye meza moja, Wanyamulenge pembeni, Wabembe karibu na mlango, Wavira peke yao. Hata ndani ya gari tulikaa vile. Akasema: «Wenzetu waliamriwa kwa bunduki watengane, wakakataa. Sisi hakuna aliyetuamuru. Tumetengana wenyewe.»

Wasikilizaji, tulipata haya. Kisha yule dada wa Gatumba akaanza kusema. Alieleza habari za jamaa yake, jina lake na namna alivyopenda kuimba. Mwingine akaeleza namna nyumba yao ilivyochomwa. Tulisikilizana mpaka usiku sana. Hatukumaliza yote, na wawili walikataa kusema. Lakini asubuhi, ndani ya gari, kila mtu alikaa alipopata nafasi. Na tulipofika tena Gatumba, tulisimamisha gari, tukashuka pamoja na dada yetu, tukasali.

Kwa nini ninawaeleza haya? Kwa sababu vijana wa Buta hawakupata ule moyo siku ya kufa. Waliuzoea miaka mitatu, mezani, uwanjani na katika masemi ya wazi. Siku ya bunduki ilikuta kazi imekwisha kufanyika.

Wazazi mlio kambini, ninajua mnayobeba. Siwaambii msahau. Ninaomba tu watoto wenu wacheze katika timu moja na watoto wa wenyeji. Wenyeji nanyi, msiwafukuze kisimani. Wakubwa wa lokalite, mtu akiiba mbuzi, mwiteni kwa jina lake mbele ya barza, si kwa jina la kabila lake. Mbuzi aliibwa na mtu mmoja. Kabila zima halikuingia zizini.

Kisha kipindi hiki, zungumzeni nyumbani: hapa kwetu tunakaa namna gani kanisani, sokoni, kwenye foleni ya maji? Nani alituamuru tukae vile?

 Amani ikae nanyi.